Nani Ataitikia Wimbo wa Jiwe

Umeme unakatika saa sita mchana, Milembe akiwa kwenye ubeti wa mwisho wa wimbo wa mwisho wa albamu yake ya kwanza. Faustini, fundi mitambo wa studio, anasonya, anatoka nje kuhangaika na jenereta. Usiende mbali dada, anasema, moto ukiwaka tu tunafunga kazi, albamu leo leo inaondoka. Milembe anakaa sakafuni, hedifoni masikioni, gitaa mapajani. Wimbo wenyewe ni wa jiwe la kusagia. Bibi yake aliuimba kule Malya akisaga mtama, na mama yake, Nyanzobe, alikuwa amepiga magoti pembeni akipembua na kuitikia, maana wimbo wa jiwe ni wa watu wawili. Anayesaga analalamika, yale asiyoweza kuwaambia wakwe analiambia jiwe, na mwenzake anamjibu, Saga, nipo. Hiyo ndiyo shule ya muziki aliyosoma Milembe, gitaa lilikuja baadaye sana. Na kila mwanamke wa Malya anajua kwamba hujiitikii mwenyewe. Anayejiitikia jiweni amejitangaza kwamba hana mtu. Lakini studioni mambo ni mteremko, unaimba, unarudi, unajiitikia, Faustini anapandisha sauti juu ya sauti, na utamu upo, tusidanganyane. Mama alipopigiwa simu alisema nisubirini, nakuja kuitikia. Milembe akamjibu, mayu, mama yangu, sauti yako siku hizi inakwaruza. Mama akasema kidole kimoja hakivunji chawa, akakata simu, na tangu hapo hapokei. Milembe anafumba macho apumzike kidogo tu.

Anapofumbua, ukuta wa studio una mlango ambao haukuwapo, na nje ya mlango kuna barabara nyeupe ya unga. Anatembea, nyayo zake zinajifuta nyuma yake, barabara inapinda na kurudi pale pale, kisha inafika Mwanza, lakini Mwanza iliyogeuzwa, ziwa liko juu na mawe makubwa yananing'inia, na mabango ya madukani yanasomeka kinyumenyume. Watu wamejaa. Habari za mchana, anamwamkia mwanamke mmoja. Habari za mchana, anajibu mwanamke, kwa sauti ya Milembe, na akigeuka ni uso wa Milembe. Anamgeukia mwingine, naye ni yeye. Mji mzima ni yeye, na kila neno analotoa linamrudia lilivyo, hakuna linaloongezwa. Hapo ndipo anamwona mama mmoja aliyejitanda kanga, ambaye hana uso kabisa, pana ulaini tu, kama jiwe lililosagiwa likalika. Kitendawili, anasema asiye na uso. Milembe hataki, lakini mdomo umezoea tangu utotoni, unajibu wenyewe, Tega. Nyumba yangu imejaa watu, napiga hodi siitikiwi. Makaburi, anasema Milembe haraka. Siyo. Nipe mji. Na mambo ya vitendawili yanajulikana, ukishindwa unatoa mji, watoto hutoa miji ya watu bila hata kuuliza bei. Chukua Mwanza, anasema Milembe, kwa mzaha. Ziwa linakunjwa kama mkeka. Mawe, watu, mabango, vyote havipo, na gitaa alilokuwa amelishika halipo pia, na vidole vyake vilivyokomazwa na nyuzi ni laini kama vya mtoto mchanga.

Barabara inaendelea, ama inarudi, hajui. Yeye na asiye na uso wanafika Shinyanga, uwanja ule alioimba mara ya kwanza watu wakamtunza, nao uko kichwa chini miguu juu, na wote wanaopiga makofi ni yeye. Nyumba yangu imejaa watu, napiga hodi siitikiwi. Kichuguu? Siyo. Nipe mji. Anajaribu kunyamaza, lakini unga unampanda miguuni, unafika kiunoni, na anapotamka Shinyanga unashuka. Sasa makofi hayapo. Anataka kulia, sauti inatoka nyembamba, yeye mwenyewe anaisikia kwa mbali. Ukishanipa wa tatu, anasema asiye na uso, huna pa kuamkia. Na wa tatu uko mbele yao. Malya, bila kioo wala kugeuzwa, nyumba ya bibi yenye mlango mfupi, na barazani jiwe la kusagia, upande mmoja mtama, upande wa pili mkeka ambao hakuna aliyeukalia. Nyumba yangu imejaa watu, anaanza tena asiye na uso. Unga umemfika Milembe kifuani. Anaijua sasa, anaijua vizuri mno, nyumba hiyo ni albamu yake, imejaa sauti yake tupu, na aibu inamchoma kuliko woga. Lakini hajibu. Anajikokota hadi jiweni, anapiga magoti, anashika jiwe la mkononi, anasaga, anaimba kwa kauzi ka sauti kalikobaki, Nasaga mimi, wanakula wao. Na anauma midomo. Mwitikio uko ulimini, umezoea kutoka, unasukuma meno. Jiitikie, anasema asiye na uso, utakufa kwa kusubiri. Unga uko shingoni. Milembe anautazama mkeka mtupu, anasaga, anasubiri. Unga uko kidevuni. Mayu, anasema moyoni, ikwaruze, ikatike, ije tu. Na kutoka upande wa mkeka sauti inakuja, nzito, yenye mikwaruzo, Saga, nipo. Asiye na uso anasema, Umetegua, chukua miji yako.

Jenereta inanguruma. Faustini anampiga begani, dada, dada, moto umewaka, tumalizie. Milembe yuko sakafuni, gitaa mapajani, vidole vina sugu zake. Viganja ni vyeupe. Chokaa ya ukuta hiyo, anasema Faustini, studio mbovu hii. Futa sauti ya pili, Milembe anamwambia. Ipi? Ile ninayojiitikia, futa yote. Faustini anamtazama kama mtu aliyepagawa, utaacha matundu wimbo mzima, na kazi inaondoka leo! Haiondoki leo, anasema, futa. Anafuta, huku akinung'unika. Milembe anavuta hedifoni sikio moja tu, anaweka simu kwenye jingine, anampigia mama kule Malya. Inaita, inaita, na safari hii inapokewa, ila ni pumzi tu. Milembe hasalimii, haombi radhi, angejaribu angelia. Anaimba, Nasaga mimi, wanakula wao, kisha anauma midomo na kusubiri, na miguuni anahisi kitu laini kinapanda. Saga, nipo. Inakwaruza, ni yenyewe. Milembe anageuza kichwa huku na huku, hajui imeingia kwa sikio la simu au kwa lile jingine, na haulizi, asije akaamka. Anaimba mstari unaofuata.