Mwezi wa Sare Mara Kumi na Mbili

Barua ya chuo ilipofika, dada yangu alipiga vigelegele mpaka mwenye kibanda cha kuchaji simu ng'ambo ya barabara akaacha wateja wake, akaja kuuliza nani anaolewa.

"Msaada wa milioni tatu! Ada, bweni, vitabu, kila kitu!"

Dada ni fundi cherehani wa kibarazani. Mimi nashona viatu kibaraza hichohicho, kwa hiyo furaha zake zote hupitia sikioni mwangu kwanza.

Mpwa wangu, niliyempachika jina la Profesa tangu ana meno mawili, hakucheka. Aliisoma barua mstari kwa mstari.

"Mama, ruzuku ni laki tano tu. Hizo ndizo za bure. Laki tano nyingine ni kazi ya maktaba, nizitolee jasho. Milioni mbili zilizobaki ni mkopo."

"Kwani mkopo si msaada?"

"Ni msaada kama mimi kukuazima mwavuli, dada," nikadakia. "Siku nitakayoutaka, ndiyo siku ya mvua."

"Na hiyo ni ya mwaka mmoja," Profesa akasema. "Miaka minne ni milioni nane. Siendi, mama. Kesho kutwa ndiyo mwisho wa kuthibitisha nafasi, wampe mwingine."

Nikaomba nakala ya fomu ya kuomba msaada tuliyopeleka, maana nilitaka kumjua tajiri aliyetuponza. Kwenye kipato cha familia kwa mwaka paliandikwa, kwa mwandiko wa dada, milioni saba na laki mbili.

"Dada, uliuza figo?"

Akajitia kutunga uzi kwenye sindano iliyokwisha kutungwa. "Nilichukua mwezi wa kufungua shule, nikazidisha mara kumi na mbili."

Mwezi wa sare! Mwezi huo vitambaa hugusa dari na dada hulala na futi shingoni. Ukipita, ni zipu na pindo.

"Na mwezi wa tano?"

"Ningeandika wa tano, wangesema mtoto katoka kwa ombaomba."

Asubuhi yake tulikuwa ofisi ya misaada ya wanafunzi, sisi watatu, na foleni ndefu mgongoni. Bibi wa dirishani alisikiliza, akashusha miwani.

"Hesabu inaweza kupitiwa upya, mama. Lakini nataka ushahidi, na maelezo yako mwenyewe."

Dada alikuwa amelikumbatia daftari la oda kama mtoto mchanga. Wa nyuma yetu walikuwa wametega masikio. Nikafungua mdomo nimsaidie, akanikanyaga.

"Tulia, wewe. Kipato ni changu." Akafunua. "Mwezi wa kwanza, sare hamsini na nane. Mwezi wa tano, zipu kumi na moja, pindo sita, na suruali ya huyu ndugu yangu, hajailipia mpaka leo."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akaendelea mwezi kwa mwezi, sauti ikipanda badala ya kushuka, hadi wa kumi na mbili. "Mwezi niliouandika huja mara mbili tu kwa mwaka. Iliyobaki ndiyo hiyo. Nilidanganya kwa kujisifu, si kwa kuiba."

"Wengi hudanganya kwenda chini," bibi yule akasema, akalichukua daftari kulitolea nakala. "Wewe wa kwanza kwenda juu." Akatuongezea wiki mbili za kuthibitisha.

Barua mpya ilikuja siku ya kumi: ruzuku milioni mbili na nusu, kazi ya maktaba laki tano, mkopo hakuna. Safari hii dada aliisoma mwenyewe, taratibu, mdomo ukitembea na maneno.

"Hiyo kazi ya maktaba," akamuuliza mwanawe, "mtu anakaa au anasimama?"

"Anakaa, mama. Kuna kiti."

"Basi thibitisha, kabla hawajapata akili."