Kijiti chenye Taa na Mkurugenzi Mwenye Picha

Kijiti chenyewe kilikaa miezi saba ndani ya kabati la kioo, ofisini kwa Daktari Antoine, mkurugenzi wa kliniki, kikitazamwa na wageni kama kombe la mpira. Ni waya laini wenye kitaa nchani. Unauingiza ndani ya mpira wa kupumulia, unaupitisha puani kwa mgonjwa asiyeweza kufungua kinywa, kisha unatazama shingo yake kwa nje. Ukiona mwanga mwekundu katikati, chini ya kikoromeo, mpira uko kwenye njia ya hewa. Ukififia, umeingia njia ya chakula. Lakini shingo haionyeshi kitu mpaka taa za chumba zizimwe. Victorine, muuguzi wa nusu kaputi, alikwenda kusomea hayo wiki mbili. Daktari Antoine hakwenda, yeye alisoma hotuba ya kukipokea.

Basi akaja Papa Djafari, fundi cherehani wa mtaa wa Kamalondo, jino limemwoza mpaka taya limevimba na kinywa hakipitishi hata kijiko. Wiki nzima hajaonja bukari, yaani ugali. Usaha ulikuwa unashuka kooni, na usipotolewa siku ile ungemkaba. Mkewe Alima, kwenye benchi nje, alimwambia Victorine neno moja tu:

"Mama, munirudishiye bwana yangu."

Victorine aliomba kijiti. Akapewa, pamoja na mkurugenzi, na Édouard mpiga picha, na taa mbili za studio zenye miguu mitatu. Kliniki ilikuwa inatimiza miaka kumi, na ilitakiwa picha kubwa ya kutundika mlangoni. Jamani! Mtu anakabwa, wenzake wanachagua fremu. Mkurugenzi akaagiza Djafari alazwe usingizi mzito kabisa, asije akakohoa mbele ya kamera. Victorine alishauri dozi ndogo, mgonjwa aendelee kupumua mwenyewe, akaambiwa ni mwoga. Alipotaja kuzima taa, mkurugenzi alicheka mpaka barakoa ikatikisika: tangu lini kifaa cha mwanga kikazinduliwa gizani? Debe tupu haliachi kuvuma.

Akashika kijiti, akageuza uso wake upande wa kamera, akasukuma mpira puani mwa Djafari. Wote wakatazama shingo. Ilikuwa imemulikwa na taa za Édouard hata ungeweza kuhesabu ndevu, lakini mwanga wa kijiti hakuna aliyeuona. Mkurugenzi akatangaza kwamba umeingia, na watu wakapiga makofi. Ndiyo, makofi, ndani ya chumba cha upasuaji.

Victorine akabana mfuko wa hewa. Kifua kikatulia tuli, tumbo likanguruma. Kipimo cha oksijeni kikaanza kushuka: tisini, themanini na mbili. Hasira ikampanda mpaka masikio yakawaka moto.

"Docteur, hewa iko naingia mu tumbo."

Mkurugenzi alijibu kwamba kipimo kile ni kizee, kinadanganya, na Édouard aachwe amalize kazi yake.

 Victorine alimsukuma mkubwa wake kwa kiwiko, akautoa mpira, akamfunika Djafari barakoa ya hewa na kubana mfuko mpaka namba zikapanda kwa shida. Kisha akamwambia Gaëlle, msaidizi wake, azime kila taa, na za Édouard azing'oe waya. Gaëlle akamtazama mkurugenzi, akamtazama mgonjwa, akazima.

Victorine akauingiza tena puani mpira wenye kijiti. Mwanga ukaonekana kwanza pembeni, hafifu. Akaurudisha mpira nyuma kidogo, akainua taya, akasukuma polepole. Mwanga ukaja katikati, ukashuka chini ya kikoromeo, mwekundu na wazi. Akachomoa kijiti, akauacha mpira. Kifua cha Djafari kikainuka. Tisini, tisini na saba. Victorine alitaka kulia, ila hakupata nafasi, maana taa zilipowashwa mkurugenzi alikuwa ameshapata wazo.

Picha za gizani hazikutoka, alisema. Mpira utolewe dakika mbili tu, aurudishe yeye mwenyewe, taa zikiwa zinawaka.

Haki ya Mungu, ndivyo alivyosema. Hata Édouard akashusha kamera. Victorine akaufumbata ule mpira kwa mkono.

"Docteur, kama unataka picha, panda weye pa meza. Mi nitakuingizia."

Usaha ukatolewa. Siku ya tatu Victorine akaletewa demande d'explication, ile barua ya ofisi inayokupa saa arobaini na nane ujieleze: kwa nini alizima taa mbele ya mkubwa wake wa kazi? Aliisoma akiwa amesimama, akageuza karatasi, akaandika nyuma yake:

"Papa Djafari iko pa kitanda namba 4, iko nakunywa uji na bibi yake. Mumuulize yeye."