Mayi Yasiyo na Mamba

Katika Dzaleka nzima, kambi ya wakimbizi kule Malawi, hakuna mwanamke aliyetembea nchi nyingi kama Annonciata. Kisiwa cha Maurice amefika, Dubai amefika, Zanzibar amefika mara mbili. Ndivyo alivyowatangazia wenzake kwenye foleni ya bomba siku yake ya mapumziko, ndoo miguuni, mkono kiunoni.

"Dubai kuko namna gani?" akauliza Igiraneza, jirani yake Mrundi.

"Kuko mafuta. Bwana alimwanga supu juu yake, nikapangusa mpaka ule mnara mrefu ukafutika."

Foleni ikacheka. Maana safari zote hizo mama huyu alizifanyia Lilongwe, kwenye meza ya chakula ya nyumba alimokuwa akilea watoto. Wenye nyumba walikuwa wametandaza picha za nchi za ng'ambo, wakitafuta mahali patulivu pa kupumzika na watoto wadogo, na yeye kazi yake ilikuwa kupangusa.

Igiraneza alicheka hadi mwisho, kisha akauliza tena, polepole: "Na siku bale bakubwa bako batachagua, we utavuka mupaka na nini? Na kadi ya kambi?"

Annonciata akasogeza ndoo yake mbele, ingawa foleni haikuwa imesogea.

Lilongwe hakuna aliyejua kwamba yeye ni wa Bukavu, Kongo. Siku madamu Gertrude, mama wa nyumba ile, alipomkuta mtaani Mchesi akiuza mandasi, yaani maandazi, akamuuliza kwao ni wapi, alijibu Karonga. Alijichagulia Karonga kwa akili. Ni kaskazini kabisa, mlangoni mwa Tanzania, na mtu wa huko akichechemea katika Chichewa anasamehewa, hata akichanganya na Kiswahili. Wakimbizi walikwisha kuamriwa wote warudi kukaa kambini. Bwana wa nyumba ile alikuwa na ofisi yake Capital Hill, serikalini kwenyewe. Asingemweka mkimbizi jikoni kwake hata kwa mchana mmoja.

Kwa hiyo Karonga ikawa kwao. Na ndani ya uongo huo mmoja binti yake Sylvie alikuwa anakula, pamoja na watoto wake, huko Dzaleka, maana kifua cha Sylvie kilikuwa kimemkatalia kuinama juu ya cherehani. Kazi ikienda, sufuria ya Sylvie inaenda nayo.

Shida ilianza Gertrude aliposema, "Agogo, mimi siwezi kupumzika na Limbani mgongoni. Tutakwenda na wewe." Pale nyumbani walimwita Agogo, yaani bibi, na Limbani ndiye aliyekuwa mtoto mdogo wa nyumba. "Pasipoti unayo?"

"Ninayo, madamu. Iko Karonga, kwa kaka yangu."

Pasipoti ikazaliwa siku ile, na kaka naye akazaliwa, pacha wake.

Basi Annonciata akaanza kuua nchi. Gertrude akiinua picha ya Dubai, yeye anapita na kitambaa, anaguna. Nini, Agogo? Hakuna kitu, madamu, ni ile joto tu. Inapika nyayo za mtoto. Iko mtoto mmoja kule Mchesi alirudi hatembei. Dubai ikalazwa kifudifudi. Maurice ilikufa kwa sababu ya ndege: masaa yote yale juu ya bahari, na masikio ya Limbani ni laini kama chapati. Zanzibar ilikuwa ngumu kufa, ilipendwa na bwana, lakini nayo ilikutwa ina vidudu vya miiba chini ya maji.

"Kwani wewe umefika huko?" bwana akamuuliza, mdomo umejaa nsima, ugali wa kwao.

"Sijafika, bwana. Waliofika njo hawarudi kusimulia."

Bwana akacheka. Gertrude hakucheka. Limbani alizaliwa kabla ya wakati wake, na tangu hapo mama yake aliogopa hata upepo. Annonciata alilijua hilo, na ndipo alipokuwa akiingizia kisu. Kila nchi ilipokufa, Annie, dada yake Limbani, mwenye miaka mitano, aliichukua picha ile akaiangalia tena, akauliza, "Na hapa hatuendi?" Kisha akaiweka kitandani kwake, chini ya mto. Annonciata alipotandika kitanda kile alizikuta zote pale, na ucheshi wake wote ukakauka mdomoni.

Lipo jambo lingine, na hili ndilo baya zaidi. Kwao Bukavu, maji huitwa mayi. Malawi, mayi ni mama. Limbani amelelewa na Annonciata tangu akiwa mchanga, na siku alipofungua kinywa kwa mara ya kwanza aliomba alichokuwa akikitaka. "Mayi," akasema.

Gertrude ndiyo kwanza alikuwa anaingia kutoka benki kule City Centre. Mkoba ukamdondoka.

"Amesema mayi! Agogo, umesikia? Ananiita!"

Annonciata alikuwa na kikombe cha maji mkononi. Akakipeleka nyuma ya mgongo. "Ni wewe anakuita, madamu."

Gertrude akalia machozi, akasimulia benki nzima. Tangu siku ile, Limbani akishikwa na kiu hukumbatiwa kwanza. Baadaye Annonciata humbeba jikoni kimyakimya, akamnywesha.

Siku moja alasiri mvua ilinyesha, umeme ukakatika. Annonciata alikuwa akiwaogesha watoto kwenye beseni. Nyumba ilikuwa ya kijivu, na Limbani akipiga maji kwa viganja, "mayi, mayi."

"Agogo," Annie akauliza, "wewe ungetupeleka wapi?"

Alikuwa na uongo wa kutosha kwa wakubwa, lakini huyu alikuwa uchi, ana povu masikioni, na ameuliza kweli. Mdomo ukamponyoka.

"Mi? Ningebapeleka kwa ziwa moja. Milima inashuka inaingia ndani ya mayi kama vidole. Na hakuna mamba, hata mumoja. Wala kiboko. Mama anaacha mutoto pembeni, yeye anafua nguo zake, haangalie nyuma. Mi nilioga mule kila siku nikiwa kadogo kama wewe. Kisha tunakula sambaza, bale basamaki badogo, na kichwa na macho."

"Na macho?"

"Njo matamu."

"Panaitwaje?"

Jina lile hakuwa amelitamka ndani ya nyumba ile. "Bukavu," akasema.

"Sasa yuko nani huko?"

Annonciata akammwagia maji kichwani, taratibu, mpaka povu likaisha lote. "Hakuna mutu. Kuko mayi tu."

Jumapili baada ya kanisa, bwana akazikusanya picha zilizobaki akazisukuma kando ya bakuli la mboga. Amekwisha kuamua, akasema. Hakuna ndege, hakuna masikio. Watakwenda kwa gari lao mpaka Karonga, watalala kwa kaka yake Agogo, wamsalimie mzee, wachukue pasipoti. Asubuhi watavuka mpaka na kwenda Matema, ufukweni mwa ziwa upande wa Tanzania. Mchanga, kimya, watoto wacheze.

"Ziwa lilelile letu," Gertrude akasema, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa umelegea. "Lakini ni ng'ambo. Agogo, kaka yako anapenda nini? Sukari tumpelekee?"

Annonciata alisimama na jagi la maji. Dubai ilikufa kwa joto, Maurice kwa masikio. Aliitafutia Matema ugonjwa wake, na ulikuwa mmoja tu.

"Mamba, bwana," akasema. "Kule kuko mamba. Wakubwa. Wanapenda mutoto mudogo."

Mkono wa Gertrude ukasimama juu ya sahani. Bwana akavuta pumzi, na pengine angefoka, yakaishia hapo. Lakini Annie alikuwa amesubiri nafasi yake wiki nzima.

"Basi twende Bukavu! Bukavu hakuna mamba hata mmoja! Agogo aliogea huko alipokuwa mdogo, kila siku!"

Kijiko cha bwana kikashuka. "Bukavu ni Kongo," akasema.

"Ile ni Bukavu ingine, bwana. Iko Karonga kule. Kijiji kidogo tu, ramani haikijui."

"Na kina ziwa lake? Lisilo na mamba?"

"Walikuwako," Annonciata akasema. "Walikufa."

Siku nyingine hilo lingechekesha. Annonciata akaweka jagi mezani. Sylvie alimjia kichwani, amekaa juu ya mkeka huko Dzaleka, amejishika kifua, watoto wamemzunguka.

"Mayi!" Limbani akaita kutoka kitini kwake.

Gertrude akageuka haraka, kama aliyeokolewa. "Niko hapa, mwanangu. Mayi yuko hapa." Akamkumbatia. Mtoto akamsukuma kwa mikono miwili. Akamkumbatia tena. "Mayi! Mayi!" Mtoto sasa alikuwa analia, mgongo umejipinda, uso umegeukia upande mwingine.

Annie alikuwa mtoto mwema. Alimwona Agogo wake amebanwa, hajui na nini, akataka kusaidia.

"Mama, si wewe," akasema. "Mayi ni maji. Kwa Bukavu njo banasema vile."

Gertrude akamwachia mtoto. Akapiga magoti mbele ya kiti chake, akamfuta kamasi kwa kidole, akamuuliza kwa Chichewa, kwa sauti ndogo sana, "Limbani. Mayi ali kuti?"

Mama yuko wapi. Mtoto alimwangalia usoni, akamwangalia na Annonciata. Kisha akanyoosha kidole kwenye jagi.

Gertrude alibaki magoti sakafuni, na gauni lake la kanisani. Mumewe alikuwa akisema jambo juu ya Dzaleka na juu ya polisi, lakini yeye hakuwa akimsikiliza. Aliinua macho.

"Siku ile nilipoingia na mkoba," akasema. "Niliposema ananiita. Wewe ulijua?"

"Sikujua, madamu," akajibu Annonciata, na kikombe cha Limbani kilikuwa tayari mkononi mwake, kimejaa.