Bamia za Fardowsa

Valentine alikuwa anahema, na hakuwa amekimbia popote. Alikuwa amelala kitandani, kwenye zahanati moja hapa Oyugis, midomo imemkauka. Mama yake, Benta, muuza nyanya mbele ya duka langu, alinishika mkono na kuninong'oneza.

"Nyaminwa, dada yangu, tangu Jumapili hajadungwa. Nilimpea tu ile maji yako ya bamia."

Maji yangu. Mimi Fardowsa, muuza viungo nisiyejua kufunga mdomo, ndiye niliyejirekodi nikiloweka bamia. Nikasema zinashusha sukari, nimepima mwenyewe. Video ikasambaa, nikajiona profesa. Sikufikiria kabisa msichana kama Valentine, mwenye kisukari tangu darasa la tatu, aliyechoka na sindano.

Daktari Matiko aliingia na karatasi. "Sindano za insulini anapata?"

"Anapata, daktari. Kila siku," Benta akajibu haraka. Aliogopa kufokewa, na pia alikuwa ananificha mimi.

Matiko alikunja uso. "Basi kuna kitu kingine kinachopandisha sukari hivi. Tutafute malaria kwanza."

Niliogopa sana. Nikisema, mji mzima utajua. Nikinyamaza, mtoto wa watu atakufa mbele yangu kwa sababu mama yake ananisitiri.

"Hajadungwa siku nne," nilisema. "Alikuwa anakunywa bamia. Mimi ndiye niliyewaambia, nikasema nimepima."

Matiko alimwita nesi kwa sauti, wakaanza kumwekea maji ya mshipa na dawa. Bila kunitazama aliniuliza, "Ulimpima nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Wewe una kisukari?"

"Hapana."

"Basi sukari yako ingeshuka yenyewe hata ungekunywa maji ya bomba."

Tulitolewa nje. Benta aliketi mbali nami. Nilifungua simu nifute video, na kwa mara ya kwanza nikasoma maoni yote. Kijana mmoja wa huko Magunga alikuwa ameandika jana asubuhi: "Dada, mama anakunywa bamia kama ulivyosema, sindano ameacha. Leo amelala tu, haamki vizuri. Niongeze bamia?"

Chini yake palikuwa na moyo mwekundu. Nilikuwa nimemwekea mimi, kama nilivyowawekea wote, bila kusoma.

"Mpeleke hospitali sasa hivi!" nilimwandikia. Nikaandika tena. Nikamwomba namba ya simu.

Hadi saa hizi hajajibu.