Nyumba ya Mama Yapata Nafuu

Alfajiri ya leo niliota kwamba nyumba ya mama imeamka ikiumwa mgongo.

Sikushangaa. Tangu baba yangu, Mzee Mwambela, afariki, nyumba hiyo imekuwa ikibeba mzigo wa kodi ya ardhi peke yake, na kila bajeti ya kaunti inaposomwa, mzigo unaongezwa. Katika ndoto mzigo wenyewe ulionekana: magunia mawili juu ya paa, yamefungwa kwa kamba ya katani, na mabati yamebonyea.

"Saru mwanangu," mama aliniambia huku akijitanda leso, "ikianguka hii, mimi sina pa kwenda. Twende nayo kaunti."

Nyumba ikajikokota barabarani, sisi tukitembea kando yake. Mama aliishika fremu ya mlango kama mtu anayemshika mgonjwa mkono. Kwenye kilima ilituomba tupumzike. Tukapumzika.

Langoni kulikuwa na foleni ya nyumba zilizokuja kuomba nafuu. Afisa wa kuzuia udanganyifu alikuwa muhuri wa mpira, amevaa tai.

"Nyumba hewa zimezidi," alisema kwa upole. "Siku hizi tunanusa kwanza."

Akainusa ghorofa iliyokuwa mbele yetu. Ikasinyaa kama puto, ikaanguka miguuni pake. Akaikunja vizuri, akaiweka kando. Kisha akainusa ya mama, muda mrefu.

"Maharagwe," alisema. "Moshi wa mkaa. Halafu kuna mtu hulia humu ndani kila siku."

"Si kila siku," mama alisema. "Jumapili tu."

"Pita, mama."

Tulipovuka lango tulikuwa tayari ndani ya bunge la kaunti, ambalo ni chumba cha kulala.

Kuna kitanda kimoja kirefu. Amelala Hospitali, amelala Shule ya Chekechea, na mwishoni amelala Barabara ya Sokoni, miguu yake ikining'inia nje ya dirisha. Wote wanajifunika blanketi moja, na blanketi hilo ndilo bajeti. Waheshimiwa wamekizunguka kitanda, kila mmoja ameshika upindo wake. Kwenye kiti kikubwa yuko Spika, ambaye ni spika kweli, nyeusi, kama zile za harusini.

"Mama aeleze shida yake," Spika anakwaruza.

"Mheshimiwa Spika, nyumba yangu inaumwa. Naomba nayo ifunikwe kidogo."

Waheshimiwa wanavuta blanketi upande wetu. Upande wa pili, Hospitali anabaki wazi hadi kiunoni. Anaanza kukohoa.

"Samahani," ananiambia. "Si kwamba nawanyima. Ila nina watoto wachanga humu."

Mama anasukuma upindo urudi. "Mfunikeni," anasema. "Nitawaambia nini mama zao?"

Hapo ndipo yule muhuri, ambaye ametufuata, anapoona matuta katikati ya kitanda.

"Na hawa ni akina nani?"

Waheshimiwa wanatazama dari. "Wafanyakazi wa kaunti," mmoja anasema.

"Wanafanya nini?"

"Wanapumzika."

Muhuri analifunua blanketi. Wamelala safu nzima, wafanyakazi hewa, wamevimba, wana joto zuri, kila mmoja ana kizibo kidogo shingoni. Wa kwanza, aliyevaa ovaroli ya fundi bomba, ni baba yangu.

Mama hapigi kelele. Anaketi ukingoni mwa kitanda.

"Baba Saru."

"Mama Saru. Mmekuja na nyumba?"

"Iko hapo mlangoni. Kumbe uko huku? Mbona tulikuzika?"

"Mlinizika vizuri sana. Jina ndilo lilibaki kazini. Mshahara anachukua mtu nisiyemjua."

"Unalala vizuri?"

"Joto lipo. Ila kutoka hapa naiona nyumba yangu ikitetemeka, na siwezi kuinuka."

Muhuri alikohoa kidogo. "Mama, sheria inasema vizibo vifunguliwe," alisema. "Haikusema ni lazima iwe sasa hivi." Akageuka, akatazama ukuta. Spika naye akajipunguza sauti mwenyewe.

Nilisogea karibu. Nilikuwa sijaisikia sauti ya baba tangu hospitalini, na sasa alikuwa mbele yangu, na meno yake yote, na lile kovu la kidevuni.

"Mama, tumwache," nilisema. "Magunia nitayabeba mimi."

Mama alinitazama bila hasira. "Baba yako hakuwahi kula cha bure, Saru. Tusimfundishe leo."

"Fungua polepole," baba alisema. "Nisije nikawatisha watu."

Mama akakifungua kizibo. Hewa ikatoka taratibu, ikampiga usoni, ikainua upindo wa leso yake na kuushikilia juu kwa kitambo. Mama alifumba macho mpaka ikaisha. Kisha akaikunja ovaroli, akamkabidhi muhuri, na muhuri akaipokea kwa mikono miwili ambayo hakuwa nayo.

Wengine wakafunguliwa. Mheshimiwa mmoja alilalamika kwamba alikuwa akiwaegemea.

Blanketi likawa pana. Likamfunika Hospitali hadi shingoni, likamfunika Chekechea, likaifikia miguu ya Barabara huko nje, na ukingo uliosalia ukapanda hadi kwenye paa la mama.

"Wanaosema ndiyo?" Spika aliuliza.

"Ndiyo," walisema, na Hospitali alisema kwa nguvu kuliko wote.

Gunia moja likashushwa. La pili nyumba ilibaki nalo, kwa sababu Barabara naye anahitaji lami. Lakini ilinyoosha mgongo, ikashusha pumzi, ikapiga magoti ili tuingie. Ikaturudisha nyumbani mbio, ikajikalisha bila kuangalia imeelekea wapi, vyombo vikilia kabatini, na mama akicheka kwa mara ya kwanza tangu matanga.

Niliamka jua likinichoma usoni. Dirisha la chumba changu linatazama magharibi. Jua la asubuhi halijawahi kuingia humo.

Nilikwenda sebuleni. Mama alikuwa ameshahamishia kigoda chake upande ambao hatukai kamwe, na kikombe chake cha chai kilikuwa kinafuka mwangani.

"Njoo ukae hapa," aliniambia. "Kule tunakokaa siku zote leo kuna kivuli."