Msumari wa Msusi

Umewahi kumwona mtu akienda hospitali na msumari mfukoni, kwa ajili ya mkewe?

Mwenye mke alikuwa seremala. Mkewe, msusi, aliteleza kwenye maji ya sabuni mlangoni, mfupa wa juu ya kiwiko ukakatika. Mkono wa kulia, ule ule wa riziki. Daktari akasema mfupa utatiwa msumari. Basi kesho yake seremala akafungua kitambaa mbele ya daktari: msumari wa inchi sita, kaupiga msasa mpaka unameta, kaupaka na mafuta. Akaeleza kwa adabu kwamba misumari ya dukani siku hizi inapinda, na kwamba watoboe kwanza, maana kitu kikavu ukikigongomea kinapasuka.

Daktari alijikaza asicheke. Akaleta chuma chembamba, kirefu, akaonyesha kinavyoingilia begani, kikashuka ndani ya uwazi wa mfupa, kikafungwa kwa skrubu juu na chini.

"Skrubu," seremala akashusha pumzi. "Hapo sasa tunaelewana, daktari."

Msusi hakuogopa chuma. Aliogopa kwamba mkono hautapanda tena hadi utosini mwa mtu. Na mama mkwe je, atasemaje? Huyo tangu harusi hakuwahi kumpa kichwa chake. Alisukwa kwa jirani, akidai mkwewe anavuta nywele kama anang'oa magugu.

Mfupa ulishika vizuri, ila bega lilikuwa zito kama gunia la mchanga mbichi. Daktari akamwagiza atambaze vidole ukutani kila siku. Seremala, asiyetupa kitu, akaupigilia ule msumari wake juu ukutani, akatundika kitana cha mkewe. Mama mkwe akaweka kigoda hapo hapo, akawa msimamizi.

"Jana ulifika kwenye ufa," alimchokoza. "Leo unaniletea uvivu wa mumeo?"

Msusi akatambaza, jasho linamtoka, anacheka huku analia. Akaupita ufa. Wiki nyingine akaipita swichi ya taa. Hata asubuhi moja vidole vikagusa kitu baridi, akakitungua kitana kwa mkono ule ule, akakiinua juu ya kichwa chake kama mshindi wa mbio. Seremala akatoka karakana mbio, vumbi la mbao usoni.

Mama mkwe alishuka kigodani, akakaa mkekani, akafungua kilemba taratibu.

"Nisuke, mwanangu," akasema. "Tangu uolewe natamani. Mdomo tu ulikuwa mzito."