Baiskeli Iliyoenda Lurambi

Ofisa wa kupiga muhuri alikuwa ameenda matanga. Karani aliyeachiwa funguo hakuinua hata macho.

"Njoo kesho saa tatu, mzee," alisema, akaendelea kuchokonoa meno.

Siku nyingine Sylvanus angewaka moto. Yeye ndiye katibu wa ushirika wa wafugaji kule Lumakanda, alikuwa ameondoka nyumbani gizani, na josho la ng'ombe lilikuwa limekaa miezi mitano bila dawa kwa sababu ya muhuri huo mmoja. Lakini siku hiyo, Juni ya mwaka wa tisini na sita, alisema, "Asante sana, mama," kwa sauti tamu mpaka karani akaacha meno yake kwanza amtazame. Alikuwa amepata mchana mzima wa bure, na alikuwa na kazi nyingine Kakamega ambayo ushirika haukumtuma.

Aliyemtuma ni mkewe, Mideva. Binti yao Ayuma alikuwa ametoroka nyumbani mwezi wa nne mwaka uliotangulia. Hakuaga. Aliacha karatasi chini ya sufuria: ameolewa na Cleophas, fundi wa baiskeli, Lurambi, Kakamega, wasimtafute, atakuja wakati wake. Basi. Wazee wa huyo Cleophas hawakuwa wamekuja kujitambulisha, na mpaka waje, baba wa msichana hakanyagi boma lile. Akienda, itasemwa amempeleka binti mwenyewe, kama mtu anayetembeza mbuzi aliyekosa mnunuzi. Sylvanus hakuwa mtu wa kuvunja mila mbele ya watu. Nyuma ya watu, hayo ni mengine.

Angevumilia, kama si Jescah. Huyu Jescah huuza mitumba soko hadi soko, na wiki mbili nyuma alikuwa amekuja na nguo na maneno. Ati amesikia kwamba Ayuma amekonda, hacheki, na kwamba huyo bwana anapiganga. Tangu siku hiyo Mideva hakulala. Asubuhi ya safari alimshika mumewe koti.

"Muhuri ni wa ng'ombe," alimwambia. "Mimi nataka habari ya mtoto wangu. Usirudi hapa bila hiyo."

Basi Sylvanus akaenda nyuma ya soko, kwa mkodishaji aliyeitwa Shikanga, akaacha kitambulisho chake na kupewa baiskeli nyeusi yenye kengele kubwa.

"Breki zinashika?" aliuliza.

"Zinashika mpaka unakasirika," alisema Shikanga.

Mji aliujua kwa ofisi zake tu. Lurambi hakuwa amewahi kuitia machoni. Alipoacha barabara kubwa na kuingia njia za udongo, alishangaa kuona mji na shamba vimelala kitanda kimoja: nyumba ya mwalimu yenye pazia la kushonwa kwa mkono, halafu mahindi, halafu vyumba vya kupanga sita kwa mstari, halafu migomba, halafu kinu cha kusaga kinachonguruma na akina mama wameketi juu ya magunia wakisengenya kwa raha zao. Kijana mmoja wa chuo alikuwa akisoma huku anachunga ng'ombe mmoja tu. Ingekuwa safari ya starehe, angepiga kengele kila kona. Lakini kengele hakuigusa. Kila mwanamke mwembamba aliyempita alimtazama mara mbili, na kila mara akashukuru kwamba si Ayuma.

Juu ya mteremko alimkuta muuza miwa.

"Fundi wa baiskeli yuko upande gani, mama?"

"Cleophas? Teremka tu. Chini kule utaona matairi yamening'inizwa juu ya ua. Hapo hapo."

Sylvanus alishukuru, akasogea kando, akafikiri. Atafika pale kama nani? Mteja. Mteja huja na ubovu, na baiskeli hii, kwa bahati mbaya, ilikuwa nzima. Basi akainama nyuma ya migomba, mzee wa miaka hamsini na minne, katibu wa ushirika, akafungua nati za breki ya mbele, akafungua na za nyuma, akazitia mfukoni. Alijiona mjanja sana. Atamwambia fundi breki zimelegea, atakaa kwenye benchi nusu saa, atachungulia, ataondoka. Akapanda baiskeli, akaanza kuteremka.

Wewe umeshaona. Yeye alikuwa bado.

Alikumbuka alipobana breki na mikono ikakutana na hewa. Kuku walimkimbia. Aliburuza viatu, akapiga kengele kama ya shule inayoungua, akaita Mungu kwa Kilogooli na kwa Kiswahili, na alipoyaona yale matairi ikawa amechelewa. Baiskeli iliruka mtaro, Sylvanus akaruka baiskeli, na ua wa miti ukampokea mzima mzima, uso wake umefunikwa na kitambaa cheupe chenye maji.

"Ni nani huyo ameangukia nguo za mtoto?" sauti ya mwanamke ilipaa kutoka ndani ya boma. "Zimefuliwa saa hii! Hamuonangi barabara? Na wewe Cleo, nimekwambia mara ngapi uweke mawe hapo mbele? Unangoja nini, waingie na baiskeli mpaka jikoni?"

Sylvanus hakujisogeza. Alibaki amelala juu ya ua na nepi usoni, na moyo wake, uliokuwa umebanwa wiki mbili, ukaachiliwa. Sauti hiyo alikuwa ameisikia miaka ishirini ikigombeza ndama, ikigombeza kaka zake, na mara moja ikigombeza mwalimu mkuu. Ilikuwa nzima, haikupungua hata kidogo. Mke anayepigwa hamgombezi mumewe hivyo mbele ya wateja, akajisemea, na akaanza kucheka chini ya kile kitambaa. Kisha akakumbuka kitambaa chenyewe ni cha nini. Nguo za mtoto!

Aliivuta nepi. Kupitia tundu la ua macho yake yakagongana na macho ya Ayuma. Mashavu yalikuwepo. Mdomo ulikuwa wazi kwa matusi mengine, ukafungwa. Kitenge kikapepea, mlango ukabamizwa.

Fundi alikuwa amefika: kijana mrefu, mikono imejaa grisi. Sylvanus akanyoosha mkono ainuliwe. Kijana aliutazama ule mkono, akarudi nyuma hatua moja, akarudi nyingine, akaficha mikono yake mgongoni na kukodolea macho ardhi.

Adabu gani hii? Hasira ikampanda Sylvanus. Mzee wa watu yuko juu ya ua, hakuna pole, hakuna mkono! Alijinasua mwenyewe, akafungua kinywa amfundishe kijana heshima ya kwao. Ndipo akaona kijana amesimama wapi. Alikuwa ameingia mtaroni, maji mpaka kwenye vifundo, ameiacha barabara yote kwa mgeni.

Mwanamume humpisha hivyo mtu wa aina moja tu. Sylvanus mwenyewe aliwahi kusimama kwenye matope namna hiyo kule Vihiga, akimpisha babake Mideva, na mkono hakumpa. Mlango ule haukubamizwa bure. Kijana alikuwa ameshaelewa. Wote wawili wakanaswa. Kijana akimsalimia kama baba mkwe, basi baba mkwe amekuja, na kwa mila hajaja.

"Pole, baiskeli," kijana alisema mwishowe, akiitazama baiskeli. "Ni nani amekufungua breki?"

Nati ziligongana mfukoni mwa Sylvanus. "Baiskeli haijui," alijibu, naye akiitazama kengele. Akazitoa moja moja, akaziweka juu ya kiti, akasogea kando. Cleophas akachukua spana.

"Hiyo baiskeli," ilisema sauti ile ile, imerudi nyuma ya ua, sasa chini, "ikifika kwao imwambie mama kwamba mtu wa hapa anakula na kushiba."

"Baiskeli ilisikia mtu wa hapa amekonda," Sylvanus aliiambia kengele.

"Alikonda baada ya kuzaa, malaria ilimshika. Imeisha," ilisema sauti.

"Na kupigwa?"

Spana ilisimama. Halafu nyuma ya ua kikatoka kicheko, kile cha Ayuma cha kukoroma puani, ambacho Sylvanus alikuwa akimkataza kanisani. "Nani apige? Huyo? Baiskeli iangalie hiyo mikono. Nepi zote kwenye ua ni yeye amefua!"

Cleophas aliona haya, akakaza nati ambayo ilikuwa imeshakazika. Ndani ya boma mtoto akalia.

"Navalayo," Ayuma alisema, "nyamaza. Mgeni ataenda kusema unalianga ovyo."

Sylvanus alishika usukani. Navalayo lilikuwa jina la mamake, aliyemzika miaka tisa iliyopita. Mtoto wa kwanza hupewa jina la upande wa baba; kwa kina Cleophas hawakukosa nyanya wala shangazi. Huyu kijana alikuwa amewaambia wote wangoje. Sylvanus akalia, na hakusingizia vumbi, kwa maana mvua ya mchana ilikuwa imeanza kudondoka na vumbi halikuwepo.

"Baiskeli," Cleophas alisema akiwa bado amechuchumaa, "wazee wetu wamepanga kuja mwezi wa kumi na mbili. Wamenituma niseme, sikujua nitamwambia nani."

"Mwezi wa kumi na mbili tutafunga mbwa," Sylvanus aliiambia baiskeli, akaipanda. Kijana akarudi mtaroni kumpisha. Breki zilishika mpaka akakasirika.

Kesho yake muhuri ulipigwa. Jioni Mideva alikuwa langoni, kanga ameibana kwa mikono miwili, na hakuuliza habari za josho.

"Sema."

"Navalayo anakusalimia," alisema Sylvanus.

"Navalayo gani? Mama mkwe? Baba Ayuma, mama amelala nyuma ya hiyo migomba miaka tisa! Umekunywa nini Kakamega?"

"Hajambo kabisa," alisema. "Yuko Lurambi. Nimevaa nepi yake."